Kiraka cha bure kina bei gani?

Chini ya meza ya fundi cherehani wa Kolwezi, mji wa mkoa wa Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hubaki vipande vya kitenge ambavyo haviuzwi. Hapo ndipo wanapoanzia wanaosema kwilti ni burudani isiyo na gharama. Kwilti ni blanketi la tabaka 3 zilizoshonwa pamoja: uso wa viraka, ujazo wa kutunza joto na kitambaa cha nyuma. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Juni na Julai una baridi, kwa hiyo blanketi hilo lina kazi. Hesabu yake ndiyo inayohitaji kukaguliwa.

Tuanze Marekani, yaliko masoko makubwa ya burudani hii. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulikadiria washonaji wa kwilti milioni 16.4 na matumizi ya dola bilioni 3.76 kwa mwaka, yaani takriban dola 229 kwa mtu. Wastani huo unachanganya anayenunua cherehani mpya na bibi anayeshonea mabaki, na uchunguzi ulitoka kwa watu wa biashara hiyohiyo. Hata hivyo tuuchukue kama ulivyo. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2024 kwamba asilimia 73.5 ya Wakongo wanaishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Kwa kiwango hicho, dola 229 ni matumizi yote ya mtu kwa siku 106. Burudani ya namna ile haihamishiki Lualaba ilivyo. Lazima isimame juu ya mabaki.

Sasa tupime mabaki. Tuchukue uso wa mita 1.5 kwa 2, yaani mita 3 za mraba, na upindo wa mshono wa milimita 6 kila upande. Viraka vya sentimita 12.5 vitakuwa 192, na kila kimoja kitakatwa sentimita 13.7. Kitambaa kinachohitajika ni mita za mraba 3.6, asilimia 20 zaidi ya uso wenyewe. Viraka vya sentimita 5 vitakuwa 1,200, kila kimoja kikikatwa sentimita 6.2. Hapo kitambaa kinafika mita za mraba 4.6, na ziada ni asilimia 54. Kadiri kiraka kinavyopungua, ndivyo mshono unavyokula kitambaa, na mabaki ya fundi kwa kawaida ni madogo.

Muda unaelemea zaidi. Tukikadiria dakika 3 kwa kiraka, yaani 1 ya cherehani na 2 za kukata na kupiga pasi, viraka 192 vinachukua saa 9.6, na 1,200 vinachukua saa 60. Makadirio haya ni ya mkono uliozoea, anayejifunza aongeze.

Je, kikundi hakipunguzi? Kinagawa saa, hakizifuti. Katika zile 60, saa 20 ni za cherehani, na cherehani moja haikaliwi na watu wawili. Wanawake 6 wenye mashine moja wanaokutana saa 4 kila Jumamosi watahitaji Jumamosi 5, hata wakikata haraka namna gani. Kinachoamua ni idadi ya mashine. Lakini mashine nayo inahitaji mkono uliozoea, na ndiyo maana mafunzo ya ushonaji kama yale ya Bon Pasteur ya Kolwezi, shirika lililoanzishwa na Sista Catherine Mutindi aliyepata tuzo ya Opus ya dola milioni 1 mwaka 2019, yana uzito katika hesabu hii: yanafundisha mikono ya wanawake wa jamii za wachimbaji madini.

Njia nyingine ya kupunguza saa ni mtindo wenyewe. Mtindo wa kisasa wa kwilti, uliopata chama chake huko Los Angeles mwaka 2009 kwa jina la Modern Quilt Guild, hupenda nafasi pana za rangi moja. Kwa Kolwezi naona huo ndio mtindo wenye akili, kwa sababu za hesabu kabla ya urembo. Nusu ya uso ikiwa vipande 12 vya sentimita 25 kwa 50, na nusu viraka 600 vidogo, kazi inashuka hadi saa 30.6. Kitambaa cha kununua kwa ajili ya uso ni kama mita 1.6 tu kwa urefu, kikiwa na upana wa sentimita 117.

Atakayetaka kuuza aongeze saa 12 za kuunga tabaka kwa mkono. Tuseme, kwa mfano tu, bei ni dola 40 na vifaa dola 12. Zinabaki 28. Kwa mtindo wa nusu kwa nusu hizo ni senti 66 kwa saa. Kwa viraka 1,200 ni senti 39, tukiziacha dola 12 zile bila kubadilika, ingawa kitambaa chote cha uso kilitoka chini ya meza ya fundi.