Kweli au Uongo: Mpaka Kiwe Bila Kasoro

Umeyasikia haya, usikatae: kwenye daladala, msibani, au kwa shangazi aliyekuuliza kwa nini ulipata 92 na si 100. Tuyapime.

"Asiyevumilia kasoro ndiye mchapakazi bora."
Si kweli. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walijumlisha matokeo ya tafiti 95 kuhusu wafanyakazi wa aina hii. Waliwakuta na ari kubwa, ila pia wamechoka hoi na wamejaa wasiwasi. Na kazi yenyewe? Kwa wastani haikuipita ya wenzao. Usingizi umepotea bure.

"Haraka haraka haina baraka."
Kweli, kwa fundi cherehani. Keti kwenye baraza lolote la Kariakoo umtazame: anazungusha futi kiunoni mwa mteja, anaandika, anapima tena ndipo ashike mkasi, maana kitenge kikishakatwa kimekatwa. Lakini nguo ikiisha, igeuze ndani. Ubavuni ameacha kitambaa cha ziada, upana wa kidole hivi. Mteja akinenepa, au fundi mwenyewe akiwa amekosea, mshono unafumuliwa na nguo inapanuliwa. Mpimaji makini kuliko wote mtaani ameshalitengea kosa nafasi yake.

Sasa shuka Magogoni, soko la samaki la Feri, uone methali hiyo hiyo ikigonga mwamba. Changu hangoji. Anayesubiri bei isiyo na dosari mpaka jua la utosini atabaki na samaki wake, na inzi. Wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Sisi ndio tunaokariri methali moja na kumsahau pacha wake.

"Mkubwa akikiri kosa amejivunjia heshima."
Si kweli, na ushahidi hauko mbali na hapo Feri: ni Ikulu. Azimio la Arusha, la ujamaa na kujitegemea, lilitangazwa Februari 1967. Miaka kumi baadaye Mwalimu Nyerere, akiwa bado madarakani, alichapisha tathmini yake na kuandika wazi kwamba Tanzania haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea, na makosa akayataja. Unaweza kubishana na siasa zake mpaka kahawa ipoe. Lakini jina la Mwalimu halikumtoka.

"Wa mwisho hana la kusimulia."
Si kweli hata kidogo. Oktoba 1968, marathoni ya Olimpiki jijini Mexico City, mkimbiaji wa Tanzania John Stephen Akhwari alianguka akaumia goti. Aliingia uwanjani mguu umefungwa bendeji, akiwa wa 57 kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Wasimulizi wengi huishia hapo, nami huudhika, kwa sababu wanamwacha mtu amelala kitandani na goti lake. Mwaka 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, Akhwari huyo huyo alikimbia marathoni kwa saa 2 na dakika 15, akawa wa tano.

"Fundi akisema kesho, ni kesho."
Uongo mtupu, na hapa sihitaji watafiti. Shati langu la Idi nililichukua siku nne baada ya Idi, kifungo kimoja kina rangi yake peke yake. Ndilo nililovaa sasa hivi.