Je, Wajua? Udongo Hauna Kosa

Je, wajua kwamba Kibera na Kawangware, ambazo watu huzitaja pamoja kana kwamba ni mtaa mmoja, zimesimama juu ya ardhi zenye historia tofauti kabisa? Kibera ilianza kama makao ya askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, na hadi leo sehemu kubwa yake ni ardhi ya serikali. Kawangware, pamoja na wadi ya Kabiro katika eneo bunge la Dagoretti Kaskazini, ilikuwa mashamba ya familia, na wenye ploti wengi huko wana hati zao. Ukiona ghorofa za mawe zikichomoza katikati ya mabati ya Kawangware, hiyo ndiyo sababu. Mtu hujenga kulingana na uhakika alio nao kwamba kesho hatafukuzwa.

Je, wajua kwamba chumba cha kawaida cha Kibera, kile cha futi 12 kwa 12 hivi, mara nyingi ni nyumba ya udongo? Miti husimikwa, fito zikafungwa, kisha matope yakakandikwa na paa la mabati likawekwa juu. Mbinu ni ileile iliyojenga maboma mengi ya Nyanza na Magharibi, na huko nyumba kama hiyo hukaa miaka na miaka. Mbona ya Kibera hubomoka mapema? Haina msingi wa mawe wa kuinua ukuta juu ya maji. Upenu ni mfupi kwa sababu nyumba zimebanana, hivyo maji ya paa la jirani huishia ukutani kwako. Na hapakuwa na ruhusa: kwa miaka mingi wakuu wa utawala walikubali vifaa vya muda tu, na hata kukarabati ukuta kulihitaji idhini ya chifu. Tumeulaumu udongo kwa makosa ambayo si yake, na nadhani ni wakati tuache.

Nayo hati ya ardhi, inayompa mtu uhakika wa kujenga, Wanubi wa Kibera waliisubiri karibu karne nzima. Hati ya ekari 288 walikabidhiwa mwaka 2017.

Je, wajua kwamba ukuta wa udongo ulio mnene hupokea joto la mchana polepole, kisha hulitoa usiku? Bati haliwezi kazi hiyo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai si ya mchezo. Anayelala katika chumba cha mabati Kabiro hutokwa na jasho saa saba mchana na kutetemeka saa kumi alfajiri, tena ndani ya chumba kilekile.

Simiti nayo, ambayo wengi huikimbilia badala ya udongo, huzaliwa kwa kuchoma mawe ya chokaa katika joto la nyuzi 1,450 hivi. Utengenezaji wake huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya kaboni inayotoka kwa shughuli za binadamu duniani.

Je, wajua kwamba kuna tofali la udongo lisilochomwa kabisa? Udongo huchekechwa, huchanganywa na simiti kidogo, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10, kisha hushindiliwa kwa mashine ya mkono. Mashine ya kwanza iliyopata umaarufu, CINVA-Ram, ilibuniwa Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950. Leo kampuni ya Makiga ya hapa Nairobi huunda za kwake, na kule Uganda Dkt. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alitengeneza matofali yanayoshikana yenyewe, yakapunguza simiti ya kuunganishia. Hakuna tanuri, hakuna kuni. Kinachohitajika ni subira, maana tofali lazima lifunikwe na kunyunyiziwa maji siku kadhaa kabla ya kujengewa. Fundi akikuharakisha hapo, mkatalie. Kenya ina kiwango rasmi cha tofali hili tangu mwaka 1993, kwa hivyo asikwambie mtu kwamba ni kitu cha kubahatisha.

Lakini si kila udongo unafaa. Ule mwekundu wa upande wa Dagoretti na Kikuyu hutumika vizuri ukichanganywa sawasawa. Ule mweusi wa nyanda za mashariki na kusini mwa jiji huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, nao huangusha hata kuta za mawe. Kipimo cha kwanza hakina gharama: tia udongo katika chupa angavu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, uache utulie hadi kesho. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu, nawe utaona kila kimoja ni kiasi gani.

Je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere alilalamikia tabia ya kudharau vifaa vya udongo mwaka 1977? Alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliwasikitikia watu wanaokataa matofali ya kuchoma na vigae wakingojea simiti na bati.

Kujenga kwa vifaa vya karibu, Lamu walikujua zamani: matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Na Turkana, mwaka 2021, msanifu Francis Kéré alijenga chuo cha vijana kwa mawe ya hapohapo, na minara inayotoa hewa moto kwa kufuata mfano wa vichuguu vya mchwa.

Je, wajua kwamba nyumba yaweza kuchorwa kwa vitambaa? Katika kijiji cha Kambi Moto, mtaa wa Huruma hapa Nairobi, wanachama wa Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, walisimamisha nyumba ya kitambaa ya ukubwa kamili, wakaingia ndani, wakapima pa kulala na pa kupikia, wakabishana. Kisha wakakubaliana na baraza la jiji na kuanza kujenga mwaka 2003, kila familia kwenye kipande cha takriban mita 4.5 kwa 4.5. Wakazi wenyewe, wanawake kwa wanaume, walimimina vipande vya dari viitwavyo laadi pale mtaani, vyembamba kiasi cha kubebwa kwa mikono, bila kukodi mbao nyingi wala mitambo. Fedha zilianzia kwenye akiba zao wenyewe. Mwenye uwezo mdogo alianza na chumba cha chini tu, akahamia, akaendelea kuweka akiba ya ghorofa ya pili.