Kinachogonga Kwenye Gurudumu la Mbele

Barabara ya taifa namba 5 ya Kongo (DRC), kutoka Uvira kupitia Makobola hadi Baraka, imebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Mito inayoporomoka huko juu huacha mawe na tope njiani. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 ulibomoa nyumba nyingi mjini Uvira. Gari linaloishi katika njia hiyo halikawii kuanza kugonga mbele, na mwenyewe akifika garajini humwambia fundi abadilishe shokamzoba.

Mara nyingi anatoa pesa bure. Kazi ya shokamzoba ni kutuliza mdundo wa springi. Ikichoka, gari huruka-ruka baada ya tuta, mafuta huvuja ubavuni mwake na tairi huliwa kwa mabaka. Mlio mkavu wa ko-ko-ko kwa kawaida hutoka kwenye viungio.

Cha kwanza kutazamwa ni linki ya stebilaiza, kijiti chenye kifundo kila ncha, ambacho hulia zaidi gurudumu moja tu linapoingia shimoni. Gari libaki chini: mtu mmoja alitikise, fundi ashike linki. Ikiwa imekwisha, mkono utausikia mgongano. Mlio ukija usukani unapozungushwa gari likiwa limesimama, kiganja kiwekwe kwenye springi. Ikiruka ghafla, bearingi ya juu ya shokamzoba inashukiwa.

Boljointi, kifundo kinachoshika gurudumu kwenye mkono wa chini, ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa ikichomoka gurudumu hulala na usukani hauna tena la kufanya. Maadui wake ni vumbi na maji yanayopenya mpira uliochanika. Hapa mahali pa kuweka jeki ni muhimu. Kwenye gari dogo ambalo springi imeizunguka shokamzoba, jeki huinua bodi, mkono wa chini ukaning'inia. Kwenye gari kama Prado, ambalo springi yake huubana mkono wa chini, jeki huwekwa chini ya mkono wenyewe karibu na gurudumu; la sivyo springi huikaza boljointi mbovu hadi ionekane nzima. Kisha tairi hushikwa juu na chini na kutikiswa. Tairi ikicheza, msaidizi akanyage breki: mchezo ukikoma, mbovu ni bearingi ya gurudumu, ukiendelea, ni boljointi. Kutikisa kushoto na kulia hufichua ncha mbovu ya tairodi, fimbo ya usukani.

Land Cruiser 70 za mashirika, zilizojaa Uvira, zina habari nyingine: mbele ni ekseli nzima, hivyo bushi (mipira ya viungio) za mikono na za fimbo inayoizuia ekseli isihame pembeni ndizo za kukaguliwa kwanza.

Na bushi mpya huuawa na fundi mwenyewe. Akikaza bolti magurudumu yakining'inia, mpira hushikwa katika mkao usio wake, kisha gari likishuka hubaki umejisokota usiku na mchana mpaka unachanika. Bolti zifungwe kidogo, gari lishushwe, litikiswe, ndipo zikazwe kabisa. Kuhusu kumwagia bushi oili ya injini ili inyamaze, inanyamaza kweli, siku chache, kisha mpira unavimba na kulainika. Baada ya kubadilisha mkono au tairodi, magurudumu yapimwe mwelekeo kabla ya safari ya Baraka, maana tairi zilizopinda kidogo tu huliwa upande mmoja hadi nyuzi.