Kufunga Ngitili

Wageni wakiniuliza jinsi Usukuma ulivyorudisha miti yake, hutarajia nianze na vitalu na miche. Mimi huanza na ng'ombe. Huku Shinyanga sehemu kubwa ya msitu ilirudi bila mtu kupanda mche: tuliwatoa ng'ombe, tukakubaliana mipaka, mvua ikafanya kazi yake.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Nyasi hukua na kukaukia palepale zikiwa zimesimama, kisha eneo hufunguliwa kiangazi kinapokaza, mbuga zote zikiwa zimebaki vumbi. Wanaotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai. Nasisitiza maksai, kwa sababu aliyekonda hawezi kuvuta plau mvua ya kwanza ikinyesha, na anayechelewa kulima huvuna kidogo.

Utaratibu huu ni wa mababu, lakini nusura upotee. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyekesha vichaka ili kuangamiza mbung'o. Mashamba ya pamba yakafuata. Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya kuwakusanya watu vijijini, ilipofika katikati ya miaka ya 1970, familia zilihamishwa na kuziacha ngitili zao bila mwangalizi. Nilikulia katika uhaba wa kuni uliofuata. Mama alipikia mabua ya pamba, moto unaowaka kwa fujo na kuzimika ugali haujaiva. Mabua yalipokwisha tuliokota samadi kavu. Kwa hiyo mbolea iliyopaswa kurudi shambani iliishia mafigani, na mtama wetu ulizidi kuwa mfupi.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni ulitegemea vitalu na miti ya kigeni. Kisha wataalamu wakakaa na wazee, wakasikia habari za ngitili, na mradi ukabadili mwelekeo. Nawaheshimu kwa hilo, maana si kila mtaalamu hukubali kufundishwa na mchungaji. Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipindukia hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Siri iko chini ya ardhi. Mgunga uliokatwa mara nyingi haufi. Mizizi yake hubaki hai na kila masika kisiki hutoa machipukizi. Yanayoyamaliza ni meno ya mifugo, moto na jembe. Yakipumzishwa misimu michache, yanakuwa miti. Shambani tunafanya hivyohivyo kwa mkono: unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, unapogoa mengine, unafunga kitambaa ili mwenye plau ayaone. Majani yakianguka yanaoza na kulisha udongo, kivuli kinapunguza ukali wa jua, na maji ya mvua yanazama badala ya kukimbilia korongoni na udongo wetu.

Lakini kisiki hakijilindi. Kinacholinda ngitili ni dagashida, mkutano wa jadi wa jamii, unaokubaliana sheria. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, huzisimamia, na anayeingiza mifugo kabla ya wakati hutozwa faini mbele ya majirani zake. Faini hiyo inauma kuliko ya mahakamani, kwa kuwa umehukumiwa na watu utakaowahitaji msibani.

Kwa wanawake faida ilionekana jikoni. Uchunguzi uliofanywa mkoani ulikuta kwamba kaya ziliokoa kati ya saa 2 na 6 kwa siku katika kutafuta kuni. Mbali na kuni kuna uyoga, asali, dawa za miti shamba, na nyasi za kuezekea, ambazo pia huuzwa.

Bado kuna jambo linaloniumiza. Ngitili nyingi ni za kaya binafsi, na mwenye ng'ombe wengi ndiye mwenye eneo kubwa. Mjane asiye na ng'ombe wala eneo hutegemea ngitili ya kijiji, na hiyo ndiyo inayomegwa kwanza vijana wakidai mashamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji uwezo wa kutenga na kusajili ardhi ya pamoja. Katika kila mkutano ninaohudhuria nadai tuanze na ngitili za kijiji, zipimwe na kuandikishwa, kabla mtu yeyote hajagawiwa ekari nyingine.