Una tovuti ya duka? Muulize fundi wako kuhusu folda ya picha

Leo siongelei mtaji wala bei, naongelea tovuti. Kama unauza kwa tovuti yako mwenyewe, soma mpaka mwisho.

Mimi nauza vyombo vya jikoni. Tovuti yangu ina folda ya picha: sufuria, hotipoti, chupa za chai. Mteja akibonyeza bidhaa, seva inaenda kwenye folda hiyo inamletea picha. Sasa kwenye seva hiyohiyo, nje ya folda ya picha, nilikuwa nimeweka faili la madeni. Majina ya wateja wa mkopo, namba zao za simu, nani anadaiwa shilingi ngapi. Nikajua liko salama, maana kwenye tovuti hakuna sehemu ya kulifungua.

Siku moja kijana mmoja anayejua mambo ya kompyuta akaniomba ruhusa aikague. Nikamkubalia. Muda si mrefu akanigeuzia skrini, nikaona madeni yote ya wateja wangu. Nilitoka jasho. Na nywila hakuiba. Aliomba picha tu, ila kwa jina la ajabu.

Iko hivi. Kwenye kompyuta, nukta mbili na mkwaju, yaani ../ maana yake ni "rudi nyuma folda moja". Tovuti inategemea mteja aombe hivi:

picha/sufuria.jpg

Yeye akaomba hivi:

picha/../madeni.xlsx

Yaani ingia kwenye picha, toka nje, nipe madeni. Seva ikatii. Ni sawa na kijana wako wa dukani aambiwe na mteja, "Pita hapo kwenye rafu, ingia chumbani kwa bosi, niletee daftari lililo kwenye droo." Akaenda kweli, kwa sababu hukumwambia mwisho wake ni wapi.

Usijidanganye kwamba ukiandika hivyo kwenye simu yako na isifunguke basi uko salama. Vivinjari vingi huzisafisha hizo nukta kabla ya kutuma ombi. Mwizi anatumia programu nyingine isiyosafisha.

Na siyo mafundi wa mtaani tu wanaokosea. Kuna aiohttp, zana maarufu ya kujengea tovuti kwa lugha ya Python. Ilikuwa na mpangilio wa kuruhusu njia za mkato kwenye folda ya picha. Fundi akiuwasha, ule ukaguzi wa "bado tupo ndani ya folda?" ulikuwa haufanyiki, hata kama hakuna njia ya mkato yoyote. Ikarekebishwa Januari 2024 kwenye toleo la 3.9.2. Hata Apache, programu ya seva inayotumika dunia nzima, toleo la 2.4.49 lilikuwa na tundu la aina hii mwaka 2021. Wakatoa 2.4.50, tundu halikuziba vizuri, siku chache baadaye ikabidi watoe 2.4.51.

Sasa fanya haya:

1. Muulize fundi: "Mtu akiomba faili, programu inahakikisha njia inaishia ndani ya folda ya picha?" Akikujibu kwamba anafuta tu zile nukta, haitoshi. Nukta inaweza kuandikwa kwa msimbo, %2e, ikapita. Programu iifuate njia mpaka mwisho kwanza, ndipo iamue kutoa au kukataa.

2. Ondoa madeni, nakala za vitambulisho na nywila kwenye seva ya tovuti. Kisichokuwepo hakiibiwi.

3. Mwambie fundi asasishe zana za tovuti mara kwa mara. Mlipane kwa hilo, siyo siku ya kujenga tu.

4. Usijaribu hii kwenye tovuti ya mtu bila ruhusa yake. Ni kosa kisheria.

Mimi lile faili nililitoa siku ileile, na fundi akarekebisha. Lakini sijui kama kuna mtu aliliona kabla yetu, na hilo ndilo linaloniuma. Mteja aliyekukopa amekuamini na siri yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hapa Tanzania nayo inakutaka uzilinde taarifa zake.

Mtumie mwenzako mwenye tovuti. Biashara njema.