Gesi asilia nchini Tanzania

Gesi asilia nchini Tanzania ni rasilimali ya nishati inayopatikana chini ya ardhi na chini ya sakafu ya Bahari Hindi, hasa katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Pwani. Iligunduliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974 katika kisiwa cha Songo Songo, wilaya ya Kilwa, lakini ilianza kutumika kibiashara mwaka 2004, yaani miaka 30 baadaye.

Kiasi kilichogunduliwa hadi sasa kinakadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57 hivi. Kati ya hizo, takriban trilioni 47 ziko chini ya bahari yenye kina kirefu na bado hazijaanza kuvunwa. Gesi inayotumika leo kuzalisha umeme na kuendesha viwanda hutoka katika visima vya nchi kavu na vya karibu na pwani.

Gesi asilia ni nini

Gesi asilia ni fueli ya kisukuku. Ilitokana na mabaki ya viumbe vidogo vya majini yaliyofunikwa na matope na mchanga kwa mamilioni ya miaka, kisha yakabadilishwa na joto na mgandamizo. Gesi hiyo hupanda kupitia vinyweleo vya miamba hadi izuiwe na tabaka la mwamba usiopitisha hewa. Kisima huchimbwa ili kulitoboa tabaka hilo.

Sehemu kubwa ya gesi asilia ni methani, ambayo kila molekuli yake ina atomu moja ya kaboni na nne za hidrojeni. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ni karibu methani tupu, hivyo haihitaji usafishaji mwingi kabla ya kutumika.

Haifai kuichanganya na gesi ya mitungi inayouzwa madukani kwa ajili ya kupikia. Gesi ya mitungi ni propani na butani, ambazo hugeuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo, na Tanzania huiagiza kutoka nje ya nchi kwa meli. Methani haiwi kimiminika kwa kugandamizwa tu katika joto la kawaida. Kwa sababu hiyo husafirishwa kwa bomba, au hushindiliwa kwa mgandamizo mkubwa katika mitungi minene kama ile ya magari, au hupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri za Selsiasi. Ikipozwa hivyo hugeuka kimiminika, na ujazo wake hupungua mara 600 hivi, ndipo huweza kupakiwa katika meli maalumu. Kwa kifupi bidhaa hiyo huitwa LNG.

Historia

Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) liliundwa mwaka 1969. Miaka mitano baadaye kampuni ya Italia, AGIP, iligundua gesi Songo Songo, na mwaka 1982 iligundua nyingine Mnazi Bay, mkoani Mtwara. Wakati huo kilichokuwa kikitafutwa ni mafuta. Gesi ilionekana haina soko, kwa kuwa hapakuwa na bomba, mitambo ya umeme inayoitumia wala viwanda vya kuinunua. Ulikuwapo mpango wa kujenga kiwanda cha mbolea Kilwa, lakini haukutekelezwa.

Mabadiliko yalikuja baada ya ukame wa miaka ya 1990 kupunguza maji ya mabwawa na kusababisha mgawo wa umeme. Bomba la kutoka Songo Songo hadi Ubungo, Dar es Salaam, lilikamilika, na mwaka 2004 mitambo ya Ubungo ikaanza kutumia gesi. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill nacho kiliunganishwa. Gesi ya Mnazi Bay ilianza kutumika muda mfupi baadaye kuzalishia umeme wa mikoa ya kusini.

Kuanzia mwaka 2010 makampuni ya kimataifa yaligundua gesi nyingi katika bahari ya kina kirefu. Kampuni ya BG ya Uingereza pamoja na Ophir zilipata gesi katika vitalu namba 1 na 4. Statoil ya Norwei na ExxonMobil ya Marekani zilipata nyingine katika kitalu namba 2. BG ilinunuliwa na Shell mwaka 2016, na Statoil ilibadili jina kuwa Equinor mwaka 2018.

Bomba la Mtwara na machafuko ya 2013

Mwaka 2012 Serikali ilianza kujenga bomba jipya kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam kwa mkopo kutoka China. Gharama ilikuwa takriban dola za Marekani bilioni 1.2. Mradi ulijumuisha mitambo ya kusafisha gesi ya Madimba, Mtwara, na ya Songo Songo. Rais Jakaya Kikwete aliuzindua Oktoba 2015.

Wakazi wengi wa Mtwara waliupinga mradi huo. Walihofia kwamba gesi ingepelekwa Dar es Salaam, na viwanda na ajira zingeifuata huko, wakati mikoa ya kusini ilikuwa imeachwa nyuma kwa barabara, shule na umeme tangu zamani za ukoloni. Maandamano ya Januari 2013 na ghasia za Mei mwaka huo, zilizozuka baada ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini kusomwa bungeni, zilisababisha vifo na uharibifu wa mali. Jeshi lilipelekwa kutuliza hali.

Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba gesi ni mali ya Taifa zima na kwamba soko kubwa la umeme liko Dar es Salaam. Hoja ya wakazi ilikuwa kwamba anayeishi jirani na kisima hana budi kuona tofauti katika maisha yake. Baadaye kiwanda cha saruji cha Dangote mkoani Mtwara kiliunganishwa na gesi, na baadhi ya nyumba za Mtwara na Lindi zikawekewa mabomba ya kupikia. Hata hivyo, swali la mgawanyo wa faida halijafungwa.

Jinsi uwekezaji unavyofanyika

Kwa mujibu wa sheria, gesi iliyo ardhini ni mali ya umma. TPDC huingia na wawekezaji katika mikataba ya kugawana mapato ya uzalishaji. Mwekezaji hutafuta gesi kwa fedha zake, na asipoipata, hasara ni yake. Akiipata, kwanza hurudishiwa gharama zake kutoka sehemu ya gesi inayouzwa, kisha sehemu inayobaki, iitwayo gesi ya faida, hugawanywa kati yake na Serikali.

Mfano wa kufikirika unaweza kusaidia. Tuseme gesi imeuzwa kwa shilingi 100, na mkataba unaruhusu hadi shilingi 50 kurudisha gharama. Shilingi 50 zinazobaki zikigawanywa kwa asilimia 60 kwa Serikali na 40 kwa mwekezaji, Serikali hupata shilingi 30 na mwekezaji jumla ya shilingi 70. Gharama zikishamalizika kurudishwa, shilingi zote 100 huwa za kugawanywa, na fungu la Serikali hufika 60. Kwa hiyo mapato ya umma huwa madogo miaka ya mwanzo na hukua baadaye. Pia gharama zikiandikwa kubwa kuliko zilivyo, siku hiyo ya baadaye husogezwa mbele. Ndiyo maana ukaguzi wa gharama za wawekezaji ni kazi muhimu kama uchimbaji wenyewe.

Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Petroli, sheria ya usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, na sheria ya uwazi na uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji. Sheria ya Petroli iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA), na ile ya mapato ilianzisha mfuko maalumu wa kuhifadhi mapato hayo. Mwaka 2017 zilifuata sheria mbili kuhusu mamlaka ya nchi juu ya maliasili na mapitio ya masharti yasiyofaa katika mikataba. Waliozitetea walisema zinalinda rasilimali za wananchi. Wawekezaji walilalamika kwamba mikataba yao inaweza kufunguliwa upya na kwamba migogoro haitaamuliwa tena na mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa.

Mradi wa Lindi

Gesi ya kina kirefu iko kilomita nyingi kutoka ufukweni, mahali pengine chini ya maji ya kina cha zaidi ya mita 2,000. Kuileta nchi kavu kunahitaji mabilioni ya dola. Tanzania hutumia chini ya sehemu moja ya kumi ya futi za ujazo trilioni moja kwa mwaka. Kwa matumizi hayo, gesi iliyogunduliwa ingedumu karne nyingi, na soko la ndani peke yake lisingeweza kulipa gharama za kuivuna. Kwa sababu hiyo makampuni yalipendekeza kiwanda cha kuigeuza kimiminika na kuiuza nje.

Eneo lililochaguliwa ni Likong'o, mkoani Lindi, lenye ukubwa wa zaidi ya hekta 2,000. Wakazi waliokuwa na makazi na mashamba hapo walisubiri fidia kwa miaka kadhaa. Mazungumzo yalikwama katika awamu ya Rais John Magufuli, na Januari 2021 Equinor ilipunguza thamani ya mradi huo katika vitabu vyake vya hesabu kwa karibu dola bilioni moja. Mazungumzo yalifufuliwa chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Mkataba wa awali ulitiwa saini Juni 2022, na gharama ya mradi imekuwa ikitajwa kuwa hadi dola bilioni 42. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji, ambao ndio unaofungua fedha za ujenzi, haukufuata mara moja kama wengi walivyotarajia.

Katika nchi jirani ya Msumbiji, miradi ya aina hiyo ilitangulia. Mwaka 2022 kiwanda kinachoelea baharini kilianza kusafirisha gesi kutoka huko. Lakini mradi mkubwa wa nchi kavu wa TotalEnergies huko Cabo Delgado ulisimamishwa mwaka 2021 baada ya wapiganaji kuushambulia mji wa Palma. Watafiti wengi wamehusisha vita hivyo, pamoja na sababu nyingine, na vijana kuona utajiri ukipita karibu nao bila kuwagusa.

Matumizi ya ndani

Kabla ya bwawa la Julius Nyerere kukamilika, gesi ilizalisha zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ya Taifa, hasa katika mitambo ya Ubungo na Kinyerezi. Bwawa hilo katika mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka 2024. Tangu hapo gesi imeanza kuwa msaidizi wa maji. Nafasi hiyo bado ni muhimu, kwa kuwa mvua zikikosekana mitambo ya gesi haitegemei mto.

Dar es Salaam, magari na bajaji nyingi zimefungwa mitungi ya gesi iliyoshindiliwa, kwa kuwa ni nafuu kuliko petroli. Misururu mirefu katika vituo vichache vya kujazia imeonyesha kwamba wateja wapo kuliko miundombinu. Bomba la Mtwara nalo linaweza kupitisha gesi nyingi zaidi kuliko inayotumika. Mwaka 2021 Tanzania na Kenya zilikubaliana kuandaa mradi wa bomba la kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa.

Matarajio na hatari

Gesi inapochomwa kuzalisha umeme hutoa takriban nusu ya dioksidi kabonia inayotolewa na makaa ya mawe. Kwa sababu hiyo baadhi huiita nishati ya mpito. Kasoro yake ni methani inayovuja. Methani hupasha joto angahewa zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa dioksidi kabonia katika kipindi cha miaka 20, kwa hiyo uvujaji mkubwa hufuta faida hiyo.

Bei ya gesi duniani hubadilika sana. Ilishuka mno mwaka 2020 wakati wa janga la UVIKO-19, kisha ikapanda kwa kasi mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraini, Ulaya ilipotafuta wauzaji wapya. Mradi wa LNG huchukua miaka kadhaa kujengwa na hutegemea wanunuzi wa miaka 20 au zaidi. Wakati huohuo Qatar na Marekani zinaongeza uzalishaji, na bei ya umeme wa jua imeshuka sana.

Ucheleweshaji kwa hiyo una gharama pande zote mbili. Tanzania ikiharakisha kwa masharti mabaya, itauza kwa hasara rasilimali isiyorudi tena. Ikichelewa mno, inaweza kukuta wanunuzi wameshajaza maghala yao kwingine au wameacha kuihitaji gesi, na futi trilioni 47 zikabaki chini ya bahari. Gesi ya visima vya pwani, ambayo bomba lake tayari lipo na mkopo wake unalipwa, haina shida hiyo: soko lake ni majiko, viwanda na magari ya nchi yenyewe.