WASHE WA CHINA: KABILA LIPO, LUGHA YATOWEKA

Yupo adhaniye kwamba kabila hutambulikana kwa lugha yake tu. Habari za Washe, wakazi wa milima ya kusini-mashariki ya China, zaonyesha vingine.

Washe husimulia kwamba asili yao ni mlima Fenghuang, katika jimbo la Guangdong. Jina lao lenyewe, kwa maandishi ya Kichina, lahusu kilimo cha kufyeka msitu na kuuchoma moto. Ardhi ilimwayo hivyo huchoka upesi. Kwa hiyo, katika enzi za Ming na Qing, koo nyingi zilihama mlima hata mlima, zikafika Fujian na Zhejiang.

Ujirani na Wahakka uliwabadili usemi. Leo karibu wote husema lugha iliyo ndugu ya Kihakka. Lugha nyingine, iliyo jamaa ya Kimiao na Kiyao, na ambayo wataalamu wengi huihesabu kuwa ndiyo ya kale, imebaki kwa watu wapatao 1,000 tu huko Guangdong.

Hata hivyo, Washe hawakupotea. Serikali iliwatambua rasmi mwaka 1956. Mwaka 1984 wilaya ya Jingning, jimboni Zhejiang, ikapewa utawala wake wa ndani. Na hesabu ya watu ya mwaka 2020 iliwakuta zaidi ya 700,000. Kilichowaunganisha ni koo za Lan, Lei na Zhong, hadithi ya babu yao Panhu, na nyimbo zao.

Lakini wazee wa Guangdong wakiondoka bila ya kuwarithisha watoto lugha ile, hakuna sheria itakayoirudisha.